Flashi ya Siku ya Posa

Baba mkubwa Shigela alitoa sharti lake wageni wakiwa bado na soda mikononi. Hakuna aliyelitegemea, hata shangazi Gladness, ambaye hujisifu kwamba hakuna jambo linalotokea katika ukoo wa Chenge kabla yeye hajalinusa.

"Mmesema kijana wenu ni fundi wa kompyuta," alisema, akimtazama mshenga na kumruka kijana mwenyewe kana kwamba kochi lile halina mtu. "Sawa. Mimi nimefuga ng'ombe tangu nina meno ya utoto. Mtu akija kuniambia yeye ni mganga wa ng'ombe, simwombi cheti, nampeleka zizini. Humu ndani kuna kompyuta ya binti yetu. Jana umeme ulikatika ikiwa katikati ya mambo yake, na tangu hapo haiamki. Iamsheni. Ikiamka, tutaendelea na maneno yenu matamu. Isipoamka, soda mmekunywa, na kutoka hapa Mkuyuni kurudi kwenu Kirumba hakuna anayepotea."

Mshenga alikuwa Mzee Yakobo Orwa, mjomba wa kijana, mfanyabiashara wa samaki aliyestaafu na kubaki na sauti ya sokoni. Alikuwa amefika mahali pazuri katika hotuba yake, pale penye ua lililochungulia juu ya ukuta wa watu, na sasa alibaki na lile ua mdomoni, hajui alitemee wapi.

"Mzee mwenzangu, neno lako tumelipokea," alisema mwishowe. "Basi mashine iletwe hapa, kijana aiguse."

"Haiji. Iko chumbani kwa mama yake, na vya ndani havitoki kabla hatujakubaliana."

"Basi kijana aingie."

"Aingie wapi?" Shigela aliweka chupa chini. "Chumbani? Huyo si mtoto wa nyumba hii. Mtoto wa nyumba ndiye anayeingia ndani. Mgeni anakaa hapo alipokaa, na kinywa chake kiko kwako. Au huko Rorya mlikotoka kijana anayeposa huwa anazungumza na wakwe zake kama anauza dagaa?"

Wazee wa upande wa Chenge wakacheka. Mzee Yakobo akacheka pia, maana mshenga asiyejua kucheka akitaniwa huyo hajafuzu. Lakini Ooko, kijana mwenyewe, hakucheka. Alikuwa ameketi na suti yake ya kijivu, mikono juu ya magoti, akifikiri. Ana chumba chake cha ufundi pale Mirongo, na mashine iliyokatikiwa umeme katikati ya kujisasisha huletwa kwake kila msimu wa mvua. Kazi yenyewe ni nyepesi. Unaandaa flashi, unaichomeka, unapiga windo upya, yaani unaweka mfumo mpya, unakunywa chai. Kilichokuwa kigumu ni hii njia ya kuifikia mashine.

Alimnong'oneza mjomba wake. Mkoba wake ukaletwa kutoka kwenye gari.

*

Dorcas alikuwa chumba cha nyuma, mwisho wa korido, amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake na kitenge kipya kilichokuwa bado kinanukia duka. Mbele yake, juu ya meza ya kushonea, kompyuta yake ya steshenari ilikuwa imewaka kioo cheusi chenye mstari mmoja mweupe unaosema hakuna mfumo wa kuanzia. Kazi za wateja alikuwa na nakala zake mahali pengine, hilo halikumtia hofu. Hofu yake ilikuwa sebuleni. Baba yake hayupo duniani, na neno la baba mkubwa Shigela ndilo la mwisho. Akisema hapana, hakuna wa kwenda kumlilia. Mama yake, Rebeka, alikuwa jikoni na sufuria za sato, na siku kama ile mama wa binti hana sauti.

Simu ya Dorcas nayo ilikuwa kwenye sidiria ya shangazi Gladness tangu asubuhi. "Siku ya posa binti hapigi simu," shangazi alikuwa amesema. "Mtapangiana majibu."

Shangazi akaingia na kumsimulia habari yote ya sharti. Dorcas akashika kichwa.

"Lakini shangazi, si mngemwacha tu aje dakika mbili?"

"Usinianze. Kaka yangu ameshasema. Wewe utakuwa mikono, yeye atakuwa akili, mimi na yule mzee wao tutakuwa barabara."

Huko sebuleni Ooko alikuwa amefungua laptop juu ya mapaja, kando ya sahani ya karanga. Wazee waliona anabonyezabonyeza, hawakujua anafanya nini, na hakuna aliyethubutu kuuliza asije akaonekana hajui. Alikuwa anaandaa flashi. Mtu asiyejua hudhani ni kunakili tu faili la mfumo na kulitupia humo. Ukifanya hivyo, mashine itaiona flashi kama mkoba wa makaratasi na kuipita. Lazima iandaliwe kwa programu yake, ifutwe yote, ipangwe upya, ili mashine ikiamka na kuikuta ijue kwamba hapa ndipo pa kuanzia.

Ilipokuwa tayari, likazuka swali la nani aipeleke na vipi. Vitu havipiti mkono kwa mkono kati ya pande mbili ambazo hazijaelewana. Shangazi Gladness akaleta sinia, akatandika kitambaa cha kufuma, na flashi ndogo nyeusi ikawekwa katikati kama kipande cha nyama kilichobaki.

"Mwambie aichomeke," Ooko alimnong'oneza mjomba wake, "awashe, na mashine ikianza tu abonyeze F kumi na mbili."

Mzee Yakobo akasimama, akakohoa. "Mama, kijana anaomba binti apokee kitu hiki kwa moyo mkunjufu, akitie mahali pake, aamshe mashine taratibu, na kubonyeza kumi na mbili."

Shangazi akaingia korido, akapita jikoni, akaonja mchuzi, akafika chumbani. "Kitie mahali pake. Ubonyeze kumi na mbili."

"Kumi na mbili ipi?"

"Unaniuliza mimi?"

Dorcas akachomeka, akawasha, akabonyeza moja na mbili. Hakuna kitu. Akawasha tena, akabonyeza kitufe kikubwa mara kumi na mbili, shangazi akimhesabia kwa sauti. Hakuna kitu. Ndipo macho yake yakapanda juu ya kibodi, kwenye ule mstari wa vitufe ambao yeye huutumia kwa kupunguza sauti tu, akaona F kumi na mbili imekaa kimya muda wote. Akaibonyeza. Orodha ikatokea, flashi ikiwa ndani yake. Akaichagua.

Kioo kikawa cheusi kabisa, kisha katikati kikatokea kisanduku chekundu chenye maneno ya Kiingereza. Mashine ilisema imegundua saini isiyo halali, na haiendelei.

Dorcas alisoma mara mbili. Saini ya nani? Yeye hajasaini popote.

"Shangazi, mwambie imekataa. Mwambie kuna kisanduku chekundu, na kinasema saini si halali. Yeye atajua."

Shangazi Gladness alimtazama kana kwamba amemtemea mate. "Mtoto wewe una wazimu? Nisimame mbele ya wakwe, siku ya posa, nitamke kwamba imekataa? Halafu niongeze si halali? Siku hii hata kikombe kikianguka jikoni hatusemi kimevunjika, tunasema kimepumzika."

"Shangazi, ni kompyuta."

"Ni siku ya posa." Akajifunga khanga vizuri, akatoka.

Sebuleni alipiga magoti kidogo kwa heshima, akasema: "Mashine imewapokea. Inawaomba subira."

Ooko akakunja uso. Mashine haiombi subira. Akamnong'oneza mjomba wake, naye Mzee Yakobo akasema: "Kijana anashukuru kwa subira hiyo. Anauliza, mashine imeandika nini?"

"Imeandika vizuri tu," alisema shangazi.

Basi Ooko akasubiri. Alidhani labda inapakia polepole, kompyuta za steshenari nyingi ni za mtumba na zina uzee wake. Huko ndani Dorcas naye alikuwa ameambiwa wageni wamesema wasubiri, akakaa mkono shavuni akikodolea kisanduku chekundu, akidhani Ooko anatafuta dawa yake. Kila mmoja alimsubiri mwenzake, na karanga zikaisha.

"Kimya hiki cha nini?" aliuliza Shigela. "Kwetu hata mpiga ramli anakuwa ameshasema uongo wa kwanza."

"Mzee, sangara mkubwa hatolewi kwa mvuto mmoja," alijibu Mzee Yakobo.

"Sangara tena! Nyie kila kitu ni samaki. Haya, vuteni."

Ooko akaomba flashi irudi. Ikarudi kwenye sinia. Akairudia kazi, safari hii akaipanga kwa mtindo wa zamani, ule wa mashine za kale, maana kama kompyuta ya Dorcas ni kongwe basi flashi ya kisasa haitaielewa. Sinia likaenda tena.

Dorcas akachomeka, akabonyeza F kumi na mbili, orodha ikaja, na flashi haikuwamo. Akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka upande mwingine. Haikuwamo.

"Hii ni mbaya kuliko ya kwanza," alisema. "Mwambie hivyo. Ya kwanza ilionekana ikakataliwa. Hii haionekani kabisa."

Shangazi alitikisa kichwa njia nzima ya korido. Sebuleni akasema: "Kuna tofauti na mwanzo. Mambo yanasogea."

Uso wa Ooko ukang'aa. Kama mambo yanasogea, basi njia ndiyo hii ya zamani. Akaiomba flashi, akaipanga zaidi kwa mtindo ule ule, akabadili hiki na kile, akaituma. Jibu likaja: mambo yanaendelea kusogea. Akaipanga tena. Flashi ilipita mbele ya Mzee Shigela kwenye kitambaa chake, ikarudi, ikapita, hadi mzee akawa anaisalimia.

"Karibu tena, mgeni," aliiambia. "Huko ndani wamekupa hata maji?"

Wazee wakacheka. Mzee Yakobo akacheka nao, ila kicheko chake kilikuwa kimeanza kupungukiwa hewa. Harufu ya sato ilikuwa imejaa nyumba, na kila mmoja alijua chakula hakiletwi kwa watu ambao hawajapokelewa.

Ooko akajiinamia. Alianza kutojiamini, jambo ambalo halikuwahi kumpata pale Mirongo hata mbele ya mashine zilizotumbukia ziwani. Anaambiwa inasogea, lakini haifiki. Inasogea kwenda wapi? Kisha akakumbuka kitu. Mashine nyingine hufungwa ulinzi kiwandani, zisikubali kuanza na flashi yoyote zisiyoitambua. Akavuta sikio la mjomba wake.

"Mwambie kama aliona kisanduku chekundu, azime ulinzi. Ni ulinzi wa kuwasha, upo kwenye mipangilio."

Mzee Yakobo alirudi nyuma. "Nimwambie nini?"

"Azime ulinzi."

"Ooko, sisi ni wageni. Nisimame katika nyumba ya watu, nimwambie binti yao azime ulinzi? Watasema Wajaluo wamekuja kuiba."

"Mjomba, ni ulinzi wa mashine!"

"Ulinzi ni ulinzi. Niachie mimi, hii kazi nimeifanya kabla hujazaliwa." Akasimama, akaweka mkono kifuani. "Mama, kijana anasema, kama wapo walinzi, wapumzike kidogo."

Shangazi Gladness akaichukua ile kauli nzito, akaibeba hadi chumbani. "Amesema walinzi wapumzike."

"Walinzi gani?" Dorcas alikuwa amefika mwisho wa akili zake. "Shangazi, humu kuna walinzi?"

Shangazi alifikiri. Kisha akapiga kofi pajani, akatoka mlango wa uani, akawaendea vijana wa ukoo waliowekwa getini kuelekeza magari. "Nendeni mkale," aliwaambia. "Wageni wamewaombea mapumziko."

Wakaenda mbio. Mzee Shigela akaona kupitia dirishani geti liko wazi na mbuzi wa jirani anaingia.

"Vijana wameenda wapi?"

"Ni sehemu ya ufundi, kaka," alisema shangazi.

Shigela alimtazama dada yake, akamtazama mshenga, akamtazama mbuzi. "Nimevumilia," alisema taratibu, na sebule yote ikasikia kwamba utani umeisha. "Mzee Yakobo, kijana wako nimemwona. Nadhani tuanze kuagana."

*

Shangazi alirudi chumbani akilia. Hakulia sana, machozi mawili tu, lakini Dorcas hakuwahi kumwona akilia hata msibani.

"Anawaaga," alisema. "Baba yako mkubwa anawaaga."

Dorcas alisimama. "Shangazi, nijibu. Mara ya kwanza kabisa nilipokwambia useme imekataa, ulikwenda kusema nini?"

"Nilisema inaomba subira."

"Na kisanduku chekundu?"

"Chekundu kwa wakwe? Nyekundu ni damu."

"Na ulipoambiwa haionekani?"

"Nilisema mambo yanasogea." Shangazi alipangusa pua. "Nilikuwa nawatengenezea njia, mwanangu. Mbona unanitazama hivyo?"

Dorcas hakuwa na hasira, hilo ndilo lilimshangaza. Alikuwa na kizunguzungu tu, kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi akaambiwa awatafsirie watu ndoto ya mwenzake. Alishika kitasa.

"Hujaitwa!" Shangazi akaziba mlango kwa mwili wote. "Binti anatoka akiitwa. Anaitwa wakishakubaliana. Ukitoka sasa hivi, unatoka kama nani?"

"Sijui," alisema Dorcas, na ilikuwa kweli. Akapita chini ya mkono wake.

Alipotokea sebuleni bila mtandio, bila viatu, wazee wa pande zote mbili wakageuza nyuso ukutani, kila mmoja akitafuta picha ya kutazama. Mzee Yakobo alikuwa amesimama nusu, mkono mmoja kwenye kiti. Dorcas akapiga magoti mbele ya baba yake mkubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Shigela, kwa mazoea, kabla hajakumbuka kukasirika.

Kisha Dorcas akamgeukia Ooko. "Ooko, imekataa. Mara ya kwanza flashi ilionekana kwenye orodha, nikaichagua, kikaja kisanduku chekundu kinasema saini si halali. Baada ya hapo zote ulizoleta hazikuonekana kabisa. Hakuna kilichosogea hata kidogo."

Ooko aligeuka. Alimtazama mjomba wake, na mjomba wake akatikisa kichwa kwa nguvu: hapana, hapana, hapana. Kijana anayeposa hasemi. Posa imevunjwa kwa makosa madogo kuliko hilo, na nyingine zimevunjwa kwa kupiga chafya.

"Kwa hiyo ya kwanza ndiyo ilikuwa sawa," alisema Ooko.

Mzee Yakobo akakaa chini na kufunika uso.

"Ya kwanza ilikuwa sawa," alirudia, na sauti yake ikawa sauti ya kazini, haina posa ndani yake. "Subiri hapo, naiandaa upya kama ile. Ukifika, washa na F mbili, hiyo ni mipangilio. Tafuta penye ulinzi wa kuwasha, uuzime. Halafu ipandishe flashi iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa kuanzia. Hifadhi, utoke. Umeelewa?"

"F mbili. Zima ulinzi. Flashi juu."

"Hasa."

Akaiandaa, watu wote wakisubiri kama wanaosubiri mchungaji amalize sala ndefu. Flashi ilipokuwa tayari alinyoosha mkono, na Dorcas akaipokea. Sinia lilikuwa palepale juu ya meza na kitambaa chake. Mkono kwa mkono. Mzee mmoja wa upande wa Chenge akaguna kama aliyekanyagwa.

Dorcas akarudi ndani.

"Sasa," alisema Shigela, "naomba mtu anisaidie. Kijana amesema kabla ya ruhusa. Binti ametoka kabla ya kuitwa. Wamepeana kitu mbele yetu. Mimi nilikuwa nawaaga. Tuko wapi?"

Mzee mmoja alisema waanze upya tangu hodi. Mwingine akasema binti akishatoka ametoka, huwezi kumrudisha kama maziwa kwenye kiwele. Mzee Yakobo alijaribu kusema kwamba katika desturi za kwao jambo kama hili lina jina lake, akaulizwa jina gani, akasema amelisahau.

Shigela akachoka nao. Akainuka, akaifuata korido, akaingia chumbani kwa shemeji yake kama mkuu wa nyumba, akakuta Dorcas ameinamia kioo na shangazi amemshikia bega. Ulinzi ulikuwa umezimwa. Flashi ilikuwa imekubaliwa. Kioo kilikuwa na rangi ya bluu na nukta zilizokuwa zinafukuzana kwenye duara.

"Hizo nukta zinafanya nini?"

"Mfumo unajipanga, baba."

"Haziwezi kupanga bila kukimbia hivyo?" Akakaa kitandani. "Nitangoja. Nataka kuona kwa macho yangu. Nimechoka kuletewa habari."

Wakangoja. Jikoni Mama Rebeka akafunika sufuria, akafunua, akafunika. Nukta zikazunguka, maneno yakapita, mashine ikajizima yenyewe, shangazi akashtuka, ikajiwasha. Dorcas alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha tabasamu likamtoka. Kioo kilikuwa kimerudi mwanzo kabisa, ukurasa ule ule wa kwanza unaouliza lugha na saa, kana kwamba hakuna kilichofanyika.

"Imeanza upya," alisema.

"Imeanza upya vipi?" Shigela aliinama karibu. "Si ilikuwa inamaliza?"

"Ilimaliza. Sijui, baba. Imeanza upya."

Alibonyeza mbele, ikakubali kwenda mbele, na hilo likamtisha zaidi. Ingepanga tena, izime, iwake, irudi hapohapo, na wageni wangekuwa bado sebuleni wakitafuna maganda ya karanga. Shigela aliitazama ile hali kwa uso wa mtu aliyefungua zizi akakuta ng'ombe wale wale wanaingia mara ya pili.

"Muulizeni," alisema.

Shangazi Gladness alikuwa ameshafika mlangoni. "Nitamwambia mashine inapenda kurudia—"

"Simama hapo!" Shigela alinyoosha kidole. "Wewe usiende. Ukienda wewe, huyu mtoto ataletewa jambo lingine kabisa, na mimi nitalala humu. Aje mwenyewe."

"Aje wapi?"

"Aje aone. Hapa."

Shangazi hakutikisika. "Hapa hapa, kaka?"

"Gladness, kuna hapa ngapi?"

Akaenda. Hakupamba kitu. Sebule nzima ilimsikia akisema: "Ooko, unaitwa chumbani." Mzee Yakobo akainuka naye kwa mazoea, akaambiwa siyo yeye.

Ooko aliingia ameinama, amevua viatu mlangoni, suti imejikunja mgongoni. "Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba. Tazama hiki kitu chako. Kinazunguka."

Ooko alitazama kioo, akatazama nyuma ya mashine. Akanyoosha mkono, akachomoa flashi, akaizima kompyuta na kuiwasha tena.

"Nilikwambia uiweke flashi iwe ya kwanza," alimwambia Dorcas. "Sikukwambia uitoe ikishamaliza. Kwa hiyo kila ikiamka inaiona, inadhani kazi haijaanza. Kosa langu."

"Ni hivyo tu?" aliuliza Shigela. "Kuchomoa?"

"Ni hivyo tu, mzee."

Kompyuta ikawaka. Safari hii haikurudi mwanzo. Ikapita, ikaleta picha ya milima isiyojulikana iko nchi gani, ikauliza jina la mtumiaji. Dorcas akaandika lake. Shigela aliitazama ile milima muda mrefu.

"Kaka," shangazi alinong'ona kutoka mlangoni. "Huyu yuko ndani."

"Namwona."

"Ndani ya ndani, anapoingia mtoto wa nyumba. Umemwita mwenyewe."

"Nimesema namwona, Gladness. Unataka nimtoe?"

Shangazi akafungua mdomo, lakini hakukuwa na neno la kulainisha, maana hakukuwa na neno gumu. Kutoka sebuleni ikapaa sauti ya Mzee Yakobo, ile ya sokoni: "Wenzetu! Huko tumekubaliwa au tumepotea?"

Ooko alikuwa amesimama katikati ya chumba na flashi mkononi, hajui kama atoke au akae. Shigela alijisogeza kidogo kitandani, akaipigapiga ile nafasi kwa kiganja bila kumtazama mtu.

"Kaa, unanizibia mwanga," alisema. "Halafu nieleze, hizo nukta zilikuwa zinakimbilia wapi?"

Ooko akakaa.

Shangazi Gladness akapiga kigelegele kimoja kifupi, akakikata katikati, akamtazama kaka yake. Kaka yake hakugeuka. Alikuwa anamsikiliza kijana. Shangazi akavuta pumzi, akaanza upya kwa sauti yote, na jikoni Mama Rebeka akaachia mfuniko wa sufuria ukaanguka chini, akaitikia.

"Jamani!" aliita Mzee Yakobo. "Basi na hotuba yangu nimmalizie nani?"